Kutazama na Kuona katika Nchi ya Rungwe

Wahenga walituachia usemi mfupi: Tembea uone. Siku hizi usemi huu hutumiwa sana kuwahimiza watu wazuru mbuga, maziwa na maporomoko ya nchi yetu, wala hapana ubaya wo wote katika matumizi hayo. Lakini yafaa tuangalie kwamba wahenga hawakusema "tembea utazame". Kutazama ni kazi ya jicho, na aghalabu humalizika pale pale jicho linapogeuzwa upande mwingine. Kuona ni neno pana zaidi. Twasema mtu ameona haya, ameona uchungu, ameona fahari. Ndiyo kusema kwamba jambo limeingia ndani na kumgusa. Katika insha hii twataka kuuliza swali moja. Mtu anapokwenda kutazama uzuri wa nchi na mabaki ya historia yake, ni kitu gani kinachomtoa katika kutazama na kumfikisha katika kuona? Na akishaona, je, anadaiwa?

Swali hili lina uzito wake. Taifa letu lilizaliwa chini ya wito wa Uhuru na Kazi, na wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba siku isiyo na jembe wala kalamu ni siku iliyopotea. Mwalimu anapowaandikia wazazi barua akiomba nauli ili wanafunzi wakatazame mto na majengo ya kale, mzazi aliyeuza mkungu wa ndizi ili kuipata nauli hiyo ana haki ya kuuliza: mwanangu atarudi na nini? Jibu la kwamba atarudi na picha halitoshi. Jibu la kwamba ataburudika ni la kweli, lakini nalo halitoshi, maana mpira uwanjani kijijini huburudisha bila nauli. Yatupasa kutafuta jibu lililo bora zaidi. Nasi twapenda kulitafutia katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambako kazi ya maumbile na kazi ya wanadamu zimekaribiana kiasi cha mtu kuweza kuzizungukia nyingi kwa siku moja.

Nchi hii ilijengwa na moto na hulishwa na mvua. Hapa matawi ya Bonde la Ufa hukutana, na kwa sababu hiyo ardhi ilipasuka mara nyingi na kutoa volkeno. Mlima Rungwe wenyewe, wenye urefu wa meta 2,960, ni volkeno. Ziwa Ngozi, upande wa kaskazini, limejaa ndani ya shimo la volkeno nyingine. Mjini Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Basi migomba, chai, kahawa na viazi hustawi mpaka mgeni atokaye nchi kavu hudhani kwamba watu wa huku hawana haja ya kufanya kazi. Hilo ndilo kosa la kwanza la mtazamaji: huona kijani akasahau mikono iliyopanda.

Msafiri atokaye Mbeya akianza asubuhi, jambo la kwanza litakalomvuta ni Mto Kiwira. Mahali pamoja mto huu umepitiwa juu na daraja la mwamba ambalo hapana fundi aliyelijenga, nalo huitwa Daraja la Mungu. Mahali pengine, si mbali sana na hapo, maji yote ya mto hujimimina katika shimo la mviringo lililochimbika mwambani, yakapotea chini kwa kishindo, kisha yakajitokeza tena mbele. Hapo panaitwa Kijungu, kwa kuwa shimo hilo limefanana na chungu. Wataalamu wa miamba hueleza kwamba zaha ya volkeno ilitiririka ikafunika bonde la mto, ikapoa na kuwa jiwe. Nayo maji, kwa kuwa hayakupata njia ya juu, yalijitafutia njia ya chini, yakala sehemu laini na kuiacha ile ngumu. Hivyo ndivyo daraja lilivyopatikana.

Hapa mwanafunzi mwerevu huweza kuuliza: ikiwa tumekwisha kujua kwamba daraja limejengwa na zaha na maji, ya nini kuendelea kuliita la Mungu? Wengine hudhani kwamba elimu ikiingia, jina la wazee halina budi kutoka. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Wazee waliolipa daraja jina hilo walikuwa watu wa mito mingi. Kutengeneza madaraja ya magogo na mianzi hakukuwa jambo geni kwao. Waliposema kwamba daraja hili ni la Mungu walikuwa wakisema kwa uaminifu: hili hatukulijenga sisi, wala hapana awezaye kulidai kuwa ni lake. Maelezo ya mtaalamu yatuambia jinsi daraja lilivyotokea. Jina la wazee latuambia jinsi tunavyopaswa kusimama mbele yake. Mwanafunzi anahitaji yote mawili, na aliye na moja tu amepata nusu ya somo.

Wala tusidhani kwamba wazee hawakujua habari za moto wa ardhini. Volkeno ya Kyejo, iliyo kusini-mashariki ya Mlima Rungwe, ililipuka kwa mara ya mwisho mnamo mwaka 1800 hivi. Tarehe hiyo haikutoka katika kitabu cha mgeni, kwa sababu wakati huo hapakuwa na mgeni wa kuandika. Ilitokana na masimulizi ya wenyeji, waliolikariri jambo hilo kizazi baada ya kizazi mpaka wataalamu wakaja kuyasikiliza. Basi elimu ya vitabu na elimu ya masimulizi si maadui; moja imekula katika chungu cha mwenzake.

Twende sasa kwa wageni waliopata kuifika nchi hii zamani, maana mwenendo wao watufundisha tofauti tunayoitafuta. Mnamo mwaka 1879 Mskoti aliyeitwa Joseph Thomson alipita kaskazini ya Ziwa Nyasa. Alivutiwa mno na vijiji alivyovikuta, nyumba safi chini ya migomba na nyua zilizofagiliwa, akavisifu sana katika kitabu chake. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Hata hivyo Thomson alikuwa mpita njia. Aliona nyumba safi bila ya kujua ni sheria gani za ujirani zilizozifanya ziwe safi.

Kati ya 1934 na 1938 walikuja wageni wa namna nyingine, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii. Hao walikaa, wakajifunza Kinyakyusa, wakauliza. Hawakuuliza peke yao: walisaidiwa na Wanyakyusa wenyewe, na hasa karani wao Leonard Mwaisumo, ambaye bila yeye mengi yasingalifahamika. Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa, na kiini cha kitabu hicho ni neno moja la wenyeji: ukwangala. Kwa maelezo yake, ukwangala ni furaha ya kuwa pamoja na wenzako: kula nao, kuzungumza, kutendeana kwa adabu, na kwa njia ya mazungumzo hayo kujipatia hekima. Mtu aliyejitenga na wenziwe hakuweza kuipata hekima hiyo, hata kama ng'ombe wake walikuwa wengi.

Neno hili latupa sehemu ya jibu letu. Sisi tulizoea kuigawa siku katika mafungu mawili, kazi na uvivu. Wazee wa Rungwe walijua fungu la tatu. Ukwangala si kazi ya jembe, lakini si uvivu pia, kwa maana mtu huondoka hapo akiwa na akili zaidi ya alizokuja nazo. Ni kweli kwamba ukwangala wa zamani, kama ulivyoelezwa, ulikuwa hasa wa wanaume wa rika moja, na wanawake hawakupewa nafasi iliyo sawa. Hatuna haja ya kuiga sehemu hiyo. Darasa letu la leo lina wasichana na wavulana, watoto wa Rungwe na wa Mtwara, na ukwangala wao ni lazima uwe mpana zaidi. Lakini kiini kinabaki: matembezi yenye maana ni yale ambayo mtu anazungumza na watu wa mahali alipofika. Anayeshuka garini, akatazama maporomoko ya Kaporogwe yakimwagika katika Mto Kala, kisha akapanda garini bila kumwamkia mtu, ametumia macho peke yake. Nayo macho, kama wasemavyo Waswahili, hayana pazia. Hutazama cho chote, na kutazama huko si sifa wala si lawama.

Baada ya mito, msafiri hufika katika kazi za wanadamu. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianzisha kituo chao Rungwe, chini ya mlima. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kijerumani ilijenga boma lake Tukuyu, baada ya kuuacha mji wake wa kwanza uliokuwa ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mji ule wa kwanza ulikuwa umeitwa Langenburg, jina la ukoo wa mwana wa mfalme mmoja aliyepata kuwa mkuu wa chama cha makoloni huko Ujerumani. Boma jipya likaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Jina hilo liliandikwa katika ramani na katika barua za serikali. Leo limebaki katika vitabu tu, nao mji unaitwa Tukuyu. Mwalimu wa historia akisimama na wanafunzi wake mjini hapo hana haja ya hotuba ndefu juu ya ukoloni. Yatosha awaulize: kwa nini mtu aliyetoka mbali aliona ni lazima auite mji huu kwa jina la mji wa kwao?

Kusini-mashariki ya Tukuyu liko Ziwa Kisiba, ambalo wengi huliita Masoko. Ni ziwa dogo la mviringo lililo ndani ya shimo la volkeno, na ukingoni mwake Wajerumani walijenga majengo ya mawe kwa ajili ya askari wao wa kombania ya tano. Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Neu-Langenburg, na Wajerumani wakakimbia. Baadaye majengo ya Masoko yalitumiwa kuwa mahakama. Husimuliwa kwamba kabla ya kukimbia, Wajerumani walitupa ziwani silaha, fedha na hata dhahabu. Kwa sababu ya masimulizi hayo, na kwa sababu sarafu za kale hupata kuokotwa ukingoni, wageni wengi wafikapo Masoko hushughulika zaidi na hazina kuliko na historia.

Lakini tuichukue sarafu moja ya namna hiyo na kuitafakari. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilitakiwa ilipwe na watu ambao mpaka wakati huo hawakuhitaji sarafu ili waishi, kwa sababu walikuwa na ng'ombe, ndizi na majirani. Aliyekosa fedha ilimbidi afanye kazi. Rupia na heller, sarafu za wakati huo, hazikuwa mapambo. Zilikuwa kamba iliyomtoa mtu shambani kwake na kumpeleka kufanya kazi ya mwingine. Mtazamaji huokota sarafu akauliza: itauzwa kiasi gani? Anayeona huuliza: ilitoka jasho la nani? Sarafu ni ile ile, na mkono ni ule ule. Tofauti iko katika swali.

Hapa wako wenzetu wawezao kusema kwamba majengo ya namna hiyo hayastahili kutunzwa. Kwa nini taifa huru lihifadhi kuta za waliolitawala kwa nguvu? Hoja hii si ya kudharau, kwa kuwa inatoka katika uchungu wa haki. Ikiwa jengo la mkoloni linatunzwa ili tusifu ustadi wake wa kupanga mawe, basi ni afadhali liachwe liote magugu. Lakini mawe hayo hayakubebwa na mikono ya mtawala. Tukilibomoa jengo, tunafuta pia ushahidi wa waliolijenga bila hiari, ambao majina yao hayakuandikwa po pote. Ushahidi pekee uliobaki wa kazi yao ni kazi yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotungwa miaka michache tu baada ya uhuru, yaonyesha kwamba taifa changa lilitambua wajibu wa kutunza yaliyopita, hata pale ambapo yaliyopita hayapendezi. Kutunza si kusifu. Mtu huweza kuhifadhi barua ya deni ili asije akadaiwa tena.

Kuna jambo jingine katika nchi ya Rungwe lililo karibu nasi zaidi. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama waliokuwa wakifanya kazi katika milima hii walimwona nyani ambaye elimu ya dunia haikumjua. Habari zake zilitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba yeye ni wa jenasi ya peke yake, nayo ikapewa jina la mlima: Rungwecebus. Dunia ilisema kwamba nyani mpya amegunduliwa. Lakini watafiti wale walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja. Walikuwa na jina lake, kipunji, na jina hilo ndilo analoitwa mpaka leo katika lugha zote. Basi nani aliyemgundua? Twaonelea kwamba sifa igawanywe kwa haki. Mwindaji alimjua lakini hakujua kwamba mnyama huyu hapatikani ila katika misitu michache ya nchi yetu. Mtafiti alijua thamani hiyo, lakini asingaliijua njia ya kumfikia. Mmoja alikuwa na jina, mwingine alikuwa na kipimo. Walipozungumza, nyani akaonekana. Huo nao ni ukwangala.

Tena nyani huyo hangalikuwapo kama msitu usingalikuwapo. Msitu wa Mlima Rungwe sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, na maji ya mito tuliyoitazama asubuhi hutoka katika misitu ya milima hii. Zamani ulinzi wa miti haukutegemea sheria za serikali peke yake. Huko Lubaga palikuwa na kichaka kitakatifu cha Lwembe, mahali pa kutolea tambiko kwa ajili ya mvua na rutuba, na makuhani wa Kikinga walishuka kutoka milimani kuja kushiriki. Vichaka walimozikwa watawala, ambao huitwa malafyale, havikukatwa kuni. Mtu wa leo aweza asiikubali imani iliyoweka miiko hiyo. Lakini akatazame matokeo yake: miti ilisimama, na chini ya miti chemchemi haikukauka. Ikiwa sisi tumeiacha miiko kwa kuwa tumeelimika, basi elimu yetu inadaiwa kufanya kazi ile ile iliyofanywa na miiko, wala isifanye pungufu.

Desturi nyingine ya Wanyakyusa yafaa kukumbukwa hapa. Katika sherehe iliyoitwa ubusoka, kizazi cha baba kilikabidhi nchi na madaraka kwa kizazi cha wana. Wazee walijitenga kando wakiwa bado hai, na vijana wakachukua mahali pao mbele ya watu wote. Nchi haikuwa mali ya kizazi kimoja cha kuitumia mpaka kiishe. Ilipita mikononi mwao tu, na kila mmoja aliijua siku ya kuipokea na siku ya kuitoa. Tukiitazama safari ya wanafunzi kwa jicho la ubusoka, twaelewa kwamba walimu hawawapeleki vijana kuonyeshwa vitu vya kuchekesha macho. Wanawapeleka kukabidhiwa. Na mtu hakabidhiwi kitu asichokijua jina, wala asichojua nani alikitunza kabla yake.

Sasa twaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Kinachomtoa mtu katika kutazama na kumfikisha katika kuona ni kuuliza, na kuuliza hasa kwa watu wa mahali hapo. Naye akishaona, anadaiwa. Kwanza anadaiwa ukweli: asimsimulie mtu kwamba amegundua kile alichoonyeshwa. Pili anadaiwa uangalifu: anayechonga jina lake katika mwamba wa Kijungu anaitaka nchi imtazame yeye, hali ilimpasa yeye aione nchi. Tatu anadaiwa zamu ya ulinzi, kwa sababu mto aliouona ukipita chini ya Daraja la Mungu hautegemei daraja, unategemea mti ulio juu mlimani.

Kwa walimu twashauri jambo moja lililo rahisi. Kabla ya safari, kila mwanafunzi aandike maswali mawili ya kumwuliza mwenyeji. Baada ya safari, asiandike insha juu ya uzuri wa mahali, maana insha hizo hufanana zote. Aandike majibu aliyopewa, na jina la kila mahali kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walitarajia kwamba ujio wa mgeni utamletea mwenyeji nafuu. Mzee wa Masoko au mama wa Kiwira aliyeulizwa kwa adabu juu ya mambo ayajuayo, akaona maneno yake yanaandikwa na mtoto wa shule, amepata nafuu ambayo kiingilio peke yake hakiwezi kumpa.

Na kwa yule mzazi aliyeuza mkungu wa ndizi, jibu letu ni hili. Mwanao atarudi na deni, nalo ni deni la heshima. Atarudi akijua kwamba alipewa nchi na watu waliomtangulia, kwamba baadhi yao waliilipia kwa jasho la kulazimishwa, na kwamba wako wadogo zake ambao siku moja watamwuliza yeye: mlitukabidhi nini? Nauli iliyonunua swali hilo haikupotea.